Hivi mama alichagua kuamini?

Swali kutoka kwa msomaji wa Dodoma:

"Shikamoo mwalimu. Mama yangu ana miaka 61 na ameishi na kisukari tangu 2014. Mwaka jana alikwenda kwenye maombi, mtumishi mmoja akamtamkia kwamba amepona na asirudi tena kwenye vidonge. Akaviacha. Nilimsihi apime sukari hata mara moja kwa wiki, akanijibu kuwa kupima ni kukosa imani. Baada ya miezi minne tulimkimbiza hospitali akiwa hajitambui. Tunamshukuru Mungu alizinduka, na sasa anatumia dawa. Tatizo limebaki nyumbani. Kaka anasema hatachangia deni la hospitali kwa kuwa mama 'alichagua mwenyewe kuamini'. Mama naye ananilaumu mimi. Anasema ningechagua kuamini pamoja naye, uponyaji wake ungesimama. Mwalimu, nilijaribu. Nilipiga magoti usiku nikajilazimisha, haikuja. Naomba unijibu: hivi kweli mtu anaweza kuchagua anachoamini?"

Jibu:

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza.

Kaka yako na mama yako hawasikilizani siku hizi, lakini nikisoma barua yako naona kuna jambo moja wamekubaliana bila kujua. Wote wawili wanaichukulia imani kama kanga dukani. Mtu anasimama mbele ya meza ya muuzaji, anapapasa hii, anakunjua ile, mwisho anasema "nipe hiyo". Kaka anasema mama alichukua kanga inayochuja, basi ailipie mwenyewe. Mama anasema wewe ulikataa kugawana naye doti. Ugomvi wenu wote umesimama juu ya hilo duka, na mimi baada ya miaka mingi ya kufundisha somo hili nadhani duka lenyewe halipo.

Jaribu nami kitu kidogo. Nakuwekea mezani shilingi milioni kumi taslimu. Masharti ni mepesi: kwa dakika tano tu uamini kwamba Mlima Kilimanjaro uko Pemba. Sitaki useme, nataka uamini. Kusema utasema, kuapa utaapa, na kwa fedha hizo pengine hata wimbo utautungia. Lakini moyoni hapatasogea kitu. Mkono ukiuambia inuka, unainuka. Imani ukiiambia inuka, inakutazama tu.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams, katika miaka ya 1970, alieleza kwa nini jambo hili si udhaifu wetu wa bahati mbaya bali limo katika maana yenyewe ya kuamini. Nitalieleza kwa mfano wangu. Chukua geji ya mafuta kwenye daladala. Mshale wake una maana kwa sababu unafuata kilichomo kwenye tangi. Dereva akifungua kioo akausukuma mshale kwa kidole hadi juu, mafuta hayajaongezeka hata tone, na zaidi ya hapo yeye mwenyewe hawezi tena kuutegemea mshale huo, maana anajua ulisukumwa na kidole cha nani. Kuamini kwamba jambo ni kweli ni kuwa na mshale unaofuata jambo lenyewe. Ungeweza kuusogeza upendavyo, ungejua umeusogeza, na papo hapo ungekoma kuwa imani. Ungebaki na tamko.

Kiswahili chenyewe kinalijua hilo kabla ya Williams. Hatusemi "nimekataa kuliweka akilini", tunasema "haliniingii akilini", kana kwamba jambo ndilo lenye miguu na sisi ni nyumba. Tunasema "nimeshawishika", kwa ule mnyambuliko tunaoutumia kwa kikombe kilichovunjika na nguo iliyochanika: limetokea kwangu. Tunasema moyo umesita, roho imekataa. Wapo wanaodhani hiyo ni misemo tu, lakini mimi naona ni uchunguzi wa watu waliojitazama kwa makini kwa karne nyingi.

Wapinzani wapo, na si wadogo. Mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1641, aliona kwamba akili kazi yake ni kuleta wazo mezani, na utashi ndio unaopiga muhuri wa "ndiyo". Kwake makosa yetu yote yanatokana na mkono wa utashi kupiga muhuri kabla akili haijasoma karatasi vizuri. Karibu miaka 100 baadaye mwanafalsafa Mskoti David Hume alijibu kwamba hakuna muhuri wala mpiga muhuri. Kuamini ni jinsi wazo linavyokujia: lina uzito, lina uhai, linakukaa, na huna swichi ya kuliongezea au kulipunguzia uzito huo. Ukiniuliza niko wapi, niko kwa Hume. Ila Descartes simwachi aondoke mikono mitupu, kwa sababu kuna kitu aliona ambacho kitatufaa tukifika kwa mama yako: mtu hawezi kujiamuru aamini, lakini mara nyingi anaweza kuuzuia mkono. Anaweza kusema "ngoja kwanza".

Naomba nikupe ushahidi wa nyumbani kwangu kwamba moyo hauna adabu kwa mwenye nyumba. Nimekulia Tanga, na bibi yangu alituambia kwamba anayepiga mluzi usiku anaita nyoka. Nimesoma, nimefundisha mantiki, nimesahihisha mitihani ya watu ambao leo ni maprofesa. Nyoka hana sikio la nje, na hana sababu yoyote ya kuja kusikiliza mluzi wangu. Najua. Na mpaka leo jua likizama sipigi mluzi. Wahenga walimaliza maneno waliposema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: anaona kabisa kuwa ni ung'ongo, na mwili umesharuka.

Sasa tuje kwenye magoti yako ya usiku ule.

Ulijilazimisha kuamini, haikuja, na sasa unalaumiwa kana kwamba ulifunga mlango kwa makusudi. Binti yangu, umekutana na kitu kilichowakuta watu wakubwa sana. Abu Hamid al-Ghazali alikuwa mwalimu maarufu kuliko wote Baghdad mwishoni mwa karne ya 11. Katika maelezo ya maisha yake anasimulia kwamba alipatwa na shaka iliyomkausha kwa karibu miezi miwili. Alianza na macho: kivuli unakiona kimesimama, kumbe kinatembea, nyota unaiona kama dinari, kumbe hesabu inaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Kama macho yanadanganya, na akili je? Hapo akakwama. Hakuna mtu aliyekuwa na hoja nyingi kuliko yeye, wala aliyetaka kuamini kuliko yeye, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kilichomtoa. Anasema alitoka kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake, si kwa kupanga hoja. Mtu wa dini atalisoma hilo kama neema, asiye wa dini atasema ugonjwa ulipita. Wote watakubaliana kwamba Ghazali hakuchagua siku ya kupona.

Kwa kuwa mama yako ni mtu wa Biblia, msomee Marko sura ya 9. Baba ana mtoto mgonjwa, anaambiwa yote yawezekana kwake aaminiye, naye analia: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yule baba anaomba kusaidiwa. Hasemi "sawa, nimechagua, sasa naamini". Angeweza kuchagua, ombi hilo lingekuwa la kipuuzi, kama mtu kuomba asaidiwe kukunja kidole chake kizima. Na mtoto akaponywa hivyo hivyo, baba akiwa nusu yuko na nusu hayuko. Hakuna aliyemgeukia kumwambia umetuangusha.

Sisi madrasa tulifundishwa tukiwa wadogo kwamba imani ni kusadiki kwa moyo, kukiri kwa ulimi na kutenda kwa viungo. Nilikariri bila kuelewa, na nilikuwa mtu mzima nilipoona kwamba vitu hivyo vitatu havitii amri sawasawa. Ulimi unatii. Viungo vinatii. Moyo ndio una mambo yake. Ndiyo maana Kurani, katika sura ya 16 aya ya 106, inamwondolea lawama aliyelazimishwa kukana huku moyo wake umetulia juu ya imani: mwenye nguvu amefika kwenye ulimi, kwingine hakufika. Wewe ulimi wako na magoti yako ulimpa mama. Kilichobaki hakikuwa chako kukitoa.

Hadi hapa inaonekana nimewatetea wote, wewe na mama. Kaka akisoma atasema: basi hakuna anayewajibika kwa lolote, kila mtu imani ilimwingia tu kama upepo. Hapana. Imani haiingii kwa amri kupitia mlango wa mbele, lakini nyumba ina mlango wa uani, na huo funguo zake tunazo.

Blaise Pascal, mwanahisabati na mwanafalsafa Mfaransa, aliujua mlango huo. Katika maandishi yake yaliyotolewa mwaka 1670, miaka minane baada ya kifo chake, anazungumza na mtu anayesema: nimekubali kwamba kuamini kuna faida, ila nimeumbwa hivi, siwezi. Pascal hamwambii jilazimishe. Anamwambia nenda ukafanye wanayofanya waaminio, chukua maji ya baraka, hudhuria misa, na hayo taratibu yatakuleta. Huo ni ushauri wa mjuzi wa binadamu. Ukichagua unakaa na nani, unasikiliza redio gani, unaimba nini kila Jumatano jioni, umechagua kwa mbali utakachokuja kuamini, ingawa siku ya kuamini yenyewe utahisi limekuingia tu.

Waliopima jambo hili wamekuta hata kurudia peke yake kunatosha kusogeza mshale. Mwaka 1977 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, waliwasomea wanafunzi sentensi za maarifa ya kawaida, nyingine za kweli na nyingine za uongo, mara tatu kwa kupishana wiki mbili. Sentensi zilizorudiwa zilizidi kuonekana za kweli kila awamu, zile za uongo pamoja na zile za kweli. Sisi tuna methali inayosema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kumbe laja kwanza kichwani mwa msikilizaji.

Wewe huenda ulikuwa bado shuleni mwaka 2011, lakini mama yako ataikumbuka Loliondo. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, alikuwa kijijini Samunge akitoa kikombe kimoja cha dawa ya mti kwa shilingi 500, na dawa hiyo ilisemwa kuwa inaponya magonjwa sugu, kisukari kikiwemo. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi porini. Walikwenda wakulima, walikwenda viongozi wa serikali, wakaja na majirani kutoka Kenya. Kikombe sikijadili leo. Nauliza tu: maelfu kwa maelfu hayo waliamini lini? Sidhani kama utampata hata mmoja aliyekaa chini jioni moja akapima ushahidi akasema "sasa nachagua". Shemeji alipiga simu. Jirani alirudi anatembea vizuri zaidi. Kwenye basi hapakuwa na habari nyingine. Ukiwa na ugonjwa uliokuchosha miaka kumi na kila mdomo unaokutana nao unataja jina moja, huhitaji kuamua kitu. Unajikuta tayari uko Arusha unatafuta gari.

Mama yako alikuwa amechoka, na hili naona kaka hajalipa uzito wake. Tangu 2014 ni miaka mingi ya kuhesabu vidonge, ya kutazama ugali kama adui, ya kuamka asubuhi ya kliniki bila kunywa chai. Mwanasaikolojia Thomas Gilovich ana namna nzuri ya kueleza kinachotupata katika hali kama hiyo. Jambo tunalolitaka, tunajiuliza: je, naweza kuliamini? Na kwa swali hilo, ushahidi kidogo unatosha. Jambo tusilolitaka, tunajiuliza: je, nalazimika kuliamini? Na hapo hakuna ushahidi unaotosha. Mama alipoambiwa "umepona" alijiuliza swali la kwanza. Wewe uliposema "pima", akakuuliza la pili. Hakujua kwamba amebadilisha swali. Hakuna kati yetu anayejua, na ndiyo sababu inafanya kazi.

Tena hakukosa ushahidi kabisa. Kisukari kina ubaya huu, kwamba sukari inaweza kuwa juu huku mtu anajisikia mzima kwa muda mrefu. Mwili hauna king'ora kwa hilo. Kwa hiyo kila asubuhi aliyoamka salama bila kidonge ilikuwa kwake shahidi mpya, na mashahidi wa miezi minne ni wengi. Mshale wake ulikuwa unafuata kitu, ila kitu hicho hakikuwa tangi.

Lakini palikuwa na mahali pa kuchagua, nawe umepataja mwenyewe: "kupima ni kukosa imani". Hapo ndipo ningekaa na mama yako, siku mkipatana, bila haraka. Kuamini kwamba umepona hakuchaguliwi. Kukataa kutoboa kidole kunachaguliwa. Huko kukataa ni kitendo, na kitendo kinaweza kuulizwa. Mtu anayejua hadaiwi dukani hapiti njia ya uchochoroni. Aliyejua moyoni kabisa kwamba sukari imekwisha angekipokea kile kifaa kwa furaha, akapime mbele ya watu, apige vigelegele. Simwiti mama yako mnafiki, Mungu apishe mbali. Nasema ndani yake alikuwemo yule baba wa Marko, anayeamini na asiyeamini katika kifua kimoja, na badala ya kuruhusiwa kusema hivyo alifundishwa kumnyamazisha mmoja wao.

Na fundisho hilo, hata kwa kitabu chenyewe, halisimami. Luka sura ya 17 ina wakoma kumi. Wanaomba huruma, na wanachoambiwa ni: enendeni mkajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini makuhani? Kwa sababu katika sheria ya Musa, Mambo ya Walawi sura ya 14, kuhani ndiye aliyemkagua mwenye ukoma na kutamka kama ametakasika. Kwa lugha yetu, waliambiwa nendeni mkapimwe. Walipokuwa njiani kwenda kupimwa ndipo wakatakasika. Upande wetu tuna Nabii Ibrahimu, katika Kurani sura ya 2 aya ya 260, anamwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu. Anaulizwa, kwani huamini? Anajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Akaonyeshwa. Kama Ibrahimu alitaka kuona, mama yako kutaka kuona tarakimu kwenye kioo kidogo ni dhambi ipi?

Hapa ndipo ningependa kaka yako amjue William Clifford, mwanahisabati Mwingereza aliyeandika mwaka 1877 juu ya maadili ya kuamini. Anasimulia mwenye meli kuukuu ambayo imejaa wahamiaji. Ana wasiwasi nayo, lakini matengenezo ni ghali. Taratibu anajiliwaza: imeshasafiri mara nyingi ikarudi, Mungu atawalinda wasafiri, mafundi wenye maneno ni watu wa kushuku kila kitu. Wasiwasi unaisha. Siku ya safari anaiaga kwa moyo mweupe, na inapozama anachukua fidia ya bima. Msomaji wa kwetu hawezi kupita kisa hicho bila kukumbuka MV Bukoba, Mei 1996, na MV Spice Islander, Septemba 2011. Clifford anasema jambo ambalo wengi hulisoma haraka: kosa la mtu yule si kwamba alijifanya kuamini. Aliamini kweli. Kosa ni njia aliyoipata nayo imani, kwa kuzima mashaka badala ya kuyachunguza, na kosa lingekuwa lile lile hata meli ingefika salama.

Kaka atasema, ndiyo, huyo ni mama. Nami namuuliza: kwenye kisa hiki mwenye meli ni nani? Mama ni abiria. Mwenye meli ni yule aliyesimama mbele ya mgonjwa asiyemjua, hajaona kipimo chake hata kimoja, akatamka amepona na vidonge vitupwe, kisha akaongeza kwamba kuangalia ni dhambi. Anaweza kuwa anaamini kila neno alilosema. Haimwondolei. Ukibeba watu, una wajibu wa kukagua mbao. Mzigo wa mama upo, siukatai, lakini ukiwekwa mizanini ni ule wa abiria aliyeambiwa asichungulie chini.

Mwanafalsafa Mmarekani William James alimjibu Clifford mwaka 1896, na ninampenda James kwa sababu anakataa ukali usio na mahali pake. Anasema yapo mambo ambayo ushahidi hauwezi kuyaamua, hayasubiri, na kuyaacha bila jibu ni kuyajibu tayari. Hapo, anasema, mtu ana haki ya kuufuata moyo wake. Yapo na yale ambayo imani yenyewe husaidia kuyafanya yawe kweli: ukisubiri ushahidi kamili kwamba fulani ni rafiki yako kabla hujamtendea kirafiki, hutapata rafiki. Nayakubali yote mawili. Sasa weka sukari ya mama yako hapo. Je, ushahidi hauwezi kuiamua? Tone moja la damu na chini ya dakika moja. Hilo halikuwa eneo la James hata kidogo. Lakini kama Mungu anamsikia mama yako anapoomba, hilo hakuna kijiti cha kulipima, na wala usijaribu kumnyang'anya. Vitu hivyo viwili alifungiwa katika furushi moja, akaambiwa ukigusa kimoja umetupa na kingine. Kazi yako ni kulifungua furushi.

Utalifungua vipi? Usimwambie "amini madaktari". Utakuwa umemrudisha dukani kwenye kanga, na amri haitaingia kwake kama ya kwake isivyoingia kwako. Wala hahitaji kuamini vidonge. Kidonge kinatii viungo, hakisubiri moyo. Hakimu anaweza kumchukulia mshtakiwa kuwa hana hatia kwa kesi nzima huku moyoni ana dhana yake: amekubali jambo kama msingi wa kutenda, bila kuliamini. Kukubali huko kunachagulika, na ndiko unakokuhitaji. Mwombe mama akubali mambo mawili tu. Dawa asipunguze wala kuacha bila kuongea na kliniki yake, na vipimo aviandike kwenye daftari, siku kwa siku, kwa mkono wake mwenyewe. Akitaka kuomba kabla ya kutoboa kidole, aombe, nawe uitikie amina. Siku akisema anaona amepona, usibishane. Fungueni daftari pamoja.

Na kuna neno moja dogo la sarufi ambalo nadhani ndilo lililowaumiza ninyi wawili. Kiswahili kina kuamini kwamba, na kina kumwamini mtu. La kwanza ni la geji. La pili lina ndugu yake, amana: ni kumkabidhi mtu kitu, na kukabidhi ni tendo. Mama alipokuambia "amini pamoja nami", sikio lako lilisikia "amini kwamba sukari imekwisha", na hilo hukuliweza. Nina wasiwasi kwamba yeye alikuwa anaomba la pili, kwamba usimwache peke yake na tumaini lake. Mwambie hivi, kwa maneno yako: sikuweza kuamini kwamba umepona, mama, lakini kwako sikutoka. Nani alimkimbiza hospitali siku ile?

Deni ligawanyeni kwa wote, kila mtoto kwa uwezo wake. Angekuwa ameteleza bafuni mngechanga bila kumuuliza kama alichagua sabuni. Na kaka akizidi kung'ang'ania kwamba mama alichagua, mwulize kwa heshima, maana ni mkubwa wako: hiyo imani yake kwamba mama alichagua, yeye aliichagua lini?